Heli, Kioevu Kisicho na Mnato

Kila kioevu tukijuacho, kiwe maji, mafuta au asali, kina mnato wake, na kwa sababu hiyo kikikorogwa kisha kikaachwa, hakikosi kutulia. Walakini heli, ile gesi nyepesi ambayo Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza kioevu kwa mara ya kwanza mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1908, huikhalifu kaida hii ipozwapo hadi takriban nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri, yaani nyuzi mbili na kitu juu ya ukomo wa ubaridi wote. Mapovu ya mchemko hukoma ghafula, kwa kuwa joto hupita ndani yake upesi mno. Hupenya matundu membamba bila kizuizi. Na ikitiwa katika bilauri, utando wake hutambaa ukutani, ukavuka ukingo na kudondoka nje. Mtiririko huu usio na mnato ulitangazwa mwaka 1938 na Pyotr Kapitza wa Moscow, na kadhalika na John Allen na Don Misener wa Cambridge.

Sababu yake ilikuwa imekwisha kukaribiwa kwa hesabu. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dhaka, alimpelekea Albert Einstein makala juu ya kuzihesabu chembe za mwanga zisizotofautishika. Naye Einstein akaifasiri kwa Kijerumani, akaiendeleza hesabu ile kwa atomu, akatabiri kwamba atomu za jinsi fulani, ubaridi ukizidi, zitakusanyika kwa wingi katika hali moja, iliyo ya chini kabisa kwa nishati. Kwani kila atomu ina tabia ya wimbi, na kadiri ipoavyo ndivyo wimbi lake lirefukavyo, hata mawimbi ya majirani yakaingiliana, na jamii nzima ikaenda kama wapiga makasia wafuatao sauti moja. Hapo ukuta hauwezi kuikwamisha atomu moja moja, na kuizuia jamii yote kwahitaji nishati ambayo mtiririko wa polepole hauna.

Fritz London aliiunganisha heli na utabiri huo mwaka uleule wa 1938. Lakini atomu za heli husongamana na kusukumana mno, hata ushahidi wake haukuwa safi. Ushahidi safi ulipatikana mwaka 1995 huko Boulder, Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman walipoipoza gesi ya rubidi hadi pungufu ya sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya ukomo ule.

Basi hesabu iliyoanzia Dhaka, mbali na maabara kuu za dunia, ilitangulia ushahidi wake kwa miaka 70 hivi. Mwalimu asiye na vyombo asimzuie mwanafunzi wake kufikiri.