Simu iliyopigwa kimyakimya: Programu za modemu, manufaa yake na hatari zake

Walioanza kutumia intaneti katika miaka ya 1990 wanaikumbuka vyema sauti ile: mlio wa laini iliyo tayari, tarakimu zikibonyezwa harakaharaka, kisha miluzi na mikwaruzo kama ya redio isiyoshika stesheni. Baada ya nusu dakika hivi, kimya. Kimya hicho kilikuwa habari njema, kwani maana yake ni kwamba kompyuta imekwishaunganishwa.

Hata hivyo, kwa maelfu ya watu nchini Marekani na barani Ulaya, kulikuwa na kimya cha namna nyingine. Kompyuta iliikata simu ya kwanza, ikapiga ya pili kwenda nchi ya mbali, na mwenye nyumba hakusikia lolote mpaka bili ilipofika mwisho wa mwezi. Je, hilo liliwezekana vipi, na nani alipaswa kulipa?

Programu yenyewe hufanya kazi gani?

Laini za simu za zamani ziliundwa ili kubeba sauti ya binadamu. Kompyuta haina sauti. Ina tarakimu tu, sifuri na moja. Modemu ndiyo mkalimani baina yao: huzigeuza tarakimu kuwa sauti upande mmoja, na upande wa pili huirudisha sauti kuwa tarakimu. Kasi ya modemu hizo iliishia kilobiti 56 kwa sekunde.

Modemu haijui impigie nani. Huhitaji programu ya kuiamuru, ambayo mafundi huiita daila. Amri yenyewe ni fupi: herufi ATDT, zikifuatiwa na nambari ya simu. Ukitanguliza amri ya M0, spika ya modemu huzimwa na hutasikia mlio wowote. Hakuna mahali popote katika amri hizo panapouliza nambari hiyo ni ya nani, wala dakika moja inagharimu kiasi gani.

Kwa muda mrefu programu hizi zilifanya kazi ya halali kabisa. Windows 95 ilikuja nayo tayari: mtumiaji aliandika nambari ya kampuni inayompa huduma ya intaneti, jina lake na neno lake la siri, na programu ikamalizia yaliyobaki. Ofisi zilizitumia kutuma faksi, na mashine za kadi madukani zilipiga simu benki kwa njia hiyohiyo kila mteja alipolipa.

Palikuwa pia na matumizi ya kibiashara. Nchi nyingi zina nambari za malipo maalumu, ambazo kuzipiga ni ghali kuliko simu ya kawaida. Nchini Ujerumani zilianza na 0190, na Uingereza na 090. Kampuni ya simu hukusanya pesa kupitia bili ya mteja, hubaki na sehemu yake, kisha humpa mwenye nambari kilichosalia. Mtu asiye na kadi ya benki angeweza kununua habari, mchezo au picha kwa kuiruhusu kompyuta yake ipige nambari ya namna hiyo. Iwapo bei ilionyeshwa waziwazi na mteja akaridhia, hapakuwa na kosa.

Kosa lilianza pale ridhaa ilipoondolewa.

Kisa cha Moldova

Mnamo mwezi Februari mwaka 1997, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, FTC, iliwafikisha mahakamani wamiliki wa tovuti kadhaa za picha za watu wazima. Wageni wa tovuti hizo waliambiwa kwamba wangetazama picha bure endapo wangepakua programu maalumu. Programu hiyo ilikata mawasiliano na kampuni ya intaneti ya mteja, ikazima spika ya modemu, kisha ikapiga nambari ya kimataifa ya Moldova, nchi iliyoko mashariki mwa Ulaya. Gharama ilizidi dola 2 kwa dakika.

Hata mteja alipoiacha tovuti hiyo na kwenda kusoma magazeti au barua pepe, simu iliendelea kuhesabiwa mpaka alipozima modemu au kompyuta. Mwezi Novemba mwaka huohuo yalifikiwa makubaliano ya kuwafidia wateja zaidi ya 38,000, kwa kiasi kilichokadiriwa kuwa dola milioni 2.74. Uchunguzi ulibaini jambo jingine la kushangaza: simu hizo hazikufika Moldova hata kidogo. Ziliishia Canada, ila zikatozwa kwa bei ya Moldova.

Kwa nini basi nchi ya mbali ichaguliwe? Jibu limo katika namna kampuni za simu zinavyolipana. Simu ya kimataifa inapopigwa, kampuni ya nchi inakotoka huilipa kampuni ya nchi inakokwenda kwa kila dakika. Pale ada hiyo ilipokuwa kubwa, fungu lake liliweza kurudishwa kwa yule aliyezileta simu hizo. Kadiri simu ilivyodumu, ndivyo mgawo ulivyonenepa.

Nani abebe mzigo?

Nchini Ujerumani swali hilo lilifika hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Karlsruhe. Kijana wa miaka 16 alikuwa amepakua faili iliyoahidi kuharakisha upokeaji wa picha. Faili hiyo ilibadilisha kwa siri mipangilio ya kompyuta, na hata baada ya kufutwa, kila walipoingia kwenye intaneti simu ilipita katika nambari ya 0190. Mama yake akadaiwa karibu Euro 9,000. Kampuni ya simu ilishikilia kwamba laini ni yake mama huyo, kwa hiyo deni pia ni lake.

Katika hukumu yake ya tarehe 4 Machi mwaka 2004, mahakama iliukataa mtazamo huo. Ilieleza kuwa mteja hakuwa na sababu ya kushuku programu iliyojificha, na kwamba kampuni inayonufaika na nambari za malipo maalumu ndiyo inayopaswa kubeba hasara ya matumizi yake mabaya. Tayari mwezi Agosti mwaka 2003 sheria mpya ilikuwa imeagiza kila programu ya aina hiyo isajiliwe, ikaweka kikomo cha bei cha Euro 2 kwa dakika, na kutaka simu ikatwe yenyewe baada ya saa moja.

Ireland ilichukua njia nyingine, na hapa habari hii inatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2004, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ComReg, iliamuru simu za moja kwa moja kwenda nchi na visiwa 13 zizuiwe, kwa kuwa nambari zao zilitumiwa mno na programu hizo za hila. Nyingi katika orodha hiyo zilikuwa visiwa vya bahari ya Pasifiki, kama vile Tuvalu na Nauru. Lakini miongoni mwake vilikuwemo pia Sao Tome na Principe, Mauritania, na visiwa vya Komoro.

Nambari zilizothibitishwa kuwa halali ziliweza kufunguliwa. Lakini hebu fikiria hali ya mtu aliyeko Dublin, anayetaka kumjulia hali mama yake Moroni, akikuta njia imefungwa kwa sababu ya hila ambayo yeye hakuifanya, wala Ngazija, Nzuwani na Mwali hazikuifanya. Hatua hiyo iliziokoa familia nyingi na bili za kutisha. Hata hivyo ilionyesha pia kwamba anayelipia udanganyifu huu si lazima awe yule aliyebofya.

Hila yenyewe haikufa

Kilichozimaliza programu hizo si sheria peke yake. Intaneti ya kasi ya aina ya ADSL haipigi nambari yoyote, hivyo programu ya hila ilikosa cha kupiga, isipokuwa pale ambapo modemu ya zamani iliachwa imechomekwa ukutani. Kampuni ya AOL ya Marekani, iliyowaingiza mamilioni ya watu kwenye intaneti kwa njia ya simu, ilifunga huduma hiyo tarehe 30 Septemba mwaka 2025.

Afrika Mashariki, ambako mkongo wa SEACOM ulifika mwezi Julai mwaka 2009, wengi walilijua neno modemu kupitia kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye laini ya simu ndani yake. Nacho kilikuwa na programu ya kupiga: kwa kawaida ilipiga *99#, nambari inayofungua njia ya data badala ya simu ya kulipiwa kwa dakika. Chombo ni kilekile, ila hapa kilitumika kwa haki.

Hila nayo ilihamia kwenye simu ya mkononi. Mwaka 2010 ulienea mchezo wa simu za Windows Mobile uliofichwa ndani yake programu ya kupiga simu kimyakimya kwenda nambari za nje, zikiwemo za Somalia na Sao Tome. Wapo pia wanaokubipu mara moja kutoka nchi usiyoijua na kukata, wakitumaini utapiga wewe. Safari hii daila ni kidole chako mwenyewe.

Kwa hiyo msikilizaji, iwe uko Muscat, London au Bujumbura, hatua za kujikinga ni rahisi. Usiirudie simu ya nambari ya kigeni usiyoitambua. Programu mpya inapoomba ruhusa ya kupiga simu au kutuma ujumbe, jiulize inaitakia nini. Iombe kampuni yako ikufungie nambari za malipo maalumu kama huzihitaji. Na bili ikija na simu usiyoijua, ipinge mapema na kwa maandishi kabla hujailipa. Mama yule wa Ujerumani alikataa kulipa, na mahakama ikasema alikuwa na haki.