Kabla ya Omanyala Alikuwepo Antao: Michezo ya Madola Usiyoijua

Usiku wa Agosti 3, 2022 ulikuwa wapi? Kama unapenda riadha, labda ulikuwa macho, simu mkononi, ukimtazama mtimkaji Ferdinand Omanyala akikata utepe wa mita 100 mjini Birmingham, Uingereza. Sekunde 10.02. Akani Simbine wa Afrika Kusini alikuwa nyuma yake. Ukapiga nduru, na huenda ukasema kama wengi wetu: "Hatimaye Mkenya ameshinda mbio fupi!"

Pole, buda. Ulichelewa miaka 60.

Tulia nikupe stori. Mwaka 1962, Michezo ya Madola ilipoandaliwa mjini Perth, Australia, kijana wa Mombasa kwa jina Seraphino Antao alishinda mbio za yadi 100. Kama hiyo haitoshi, akarudi uwanjani akashinda yadi 220 pia. Hizo zilikuwa dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo. Na kumbuka, Kenya ilikuwa bado koloni. Bendera unayoipeperusha leo haikuwepo, uhuru ulikuwa bado mwaka mmodi mbele. Antao aliibeba bendera hiyo mpya miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki za Tokyo.

Sasa jiulize: kwani haya mashindano yalianzaje, na sisi tuliingiaje?

Yalianza 1930 mjini Hamilton, Canada, kwa juhudi za mwanahabari wa michezo aliyeitwa Bobby Robinson. Jina lake la kwanza linakuambia yote: Michezo ya Himaya ya Uingereza. Timu zilikuwa 11 tu, na wanawake waliruhusiwa kushiriki michezo ya majini pekee. Kutoka Afrika nzima ilikuwepo timu moja, Afrika Kusini. Mwafrika mweusi hakuwa kwenye hesabu.

Makala ya pili, ya 1934, yalikuwa yafanyike Afrika Kusini. Yakahamishiwa London, kwa hofu ya jinsi wanamichezo wasio wazungu wangetendewa kule. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Kenya ilifika kwa mara ya kwanza 1954 mjini Vancouver, ambako Nyandika Maiyoro alimaliza wa nne katika mbio za maili tatu. Miaka minne baadaye, Cardiff, Bartonjo Rotich na Arere Anentia wakaleta shaba. Kisha Antao. Halafu 1966 mjini Kingston, Jamaica, mambo yakachacha: Kipchoge Keino akatwaa dhahabu katika maili moja na maili tatu, naye Naftali Temu akashinda maili sita. Yaani michezo iliyoanzishwa bila kutuwazia, tuliichukua kwa miguu yetu wenyewe.

Majirani nao hawakulala. Mwaka 1974 mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2.

Lakini si kila hadithi ni ya medali. Mwaka 1986 mataifa 32, Kenya ikiwemo, yalisusia michezo ya Edinburgh. Sababu? Serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kukata uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hebu fikiria mwanariadha aliyejifua miaka minne, kisha anaambiwa abaki nyumbani. Hilo lilikuwa deni lililolipwa na vijana wa rika lako, ili wengine wawe huru.

Sasa turudi kwa lile la 1934. Tangu wakati huo, michezo hii imefanyika Ulaya, Amerika, Asia na Oceania. Afrika? Hata mara moja! Durban ilipewa makala ya 2022, ikapokonywa 2017 baada ya kukosa kutimiza masharti, hasa ya pesa. Ndiyo maana Omanyala alikimbia Birmingham. Abuja iliomba ya 2014, ikashindwa na Glasgow. Ikaomba ya 2030, ya kuadhimisha miaka 100, ikashindwa na Ahmedabad ya India.

Enyewe gharama si mchezo. Hata jimbo la Victoria nchini Australia lilijiondoa kuandaa ya 2026 likisema bei imepanda mno, ndipo Glasgow ikakubali kuandaa michezo midogo, yenye fani 10 tu. Kwa hivyo siku mtu atakapokuambia Kenya iombe uenyeji, una haki ya kuuliza: nani atalipa, na uwanja utamfaa nani wageni wakienda? Lakini pia una haki ya kuuliza kwa nini bara linalowapa mashabiki mbio tamu hivi halijawahi kuwa mwenyeji.

Na kabla hujauliza lolote, anza na hili dogo. Ukimsikia kocha, mwalimu au beshte akisema Mkenya aliumbwa kwa mbio ndefu pekee, usibishane sana. Mtajie jina moja tu: Seraphino Antao, wa Mombasa.