Ujumbe wa Rafiki Hupita Wapi? Simu na Urafiki katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Katika bonde la Kyela lipo neno la Kinyakyusa ambalo ni vigumu kulifasiri kwa neno moja la Kiswahili, nalo ni ukwangala. Maana yake ni kukaa pamoja na wenzi, kuzungumza, kula na kufurahiana. Godfrey Wilson na mkewe Monica Wilson, wataalamu wa elimu ya jamii za wanadamu waliofanya utafiti wao huko kati ya mwaka 1934 na 1938, waliona kwamba jambo hilo lilikuwa nguzo ya maisha. Wavulana wa rika moja, wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi, walianza kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walikua pamoja, wakaoa, na rika likawa kijiji. Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu juu ya vijiji hivyo.

Katika kijiji cha rika, rafiki alikuwa umbali wa hatua chache. Leo hii wana rika wametawanyika. Mmoja analima mpunga na kakao Ipinda, wa pili ni mvuvi Matema, wa tatu anafanya kazi Dar es Salaam, na wa nne amevuka Mto Songwe na kuishi Malawi. Hata hivyo huzungumza kila siku kwa simu, na wengine wamedumu hivyo kwa miaka mingi bila kuonana zaidi ya mara moja au mbili. Katika makala hii tutachunguza ni vitu gani vinavyobeba mazungumzo hayo, na kwa nini inampasa mkazi wa mwambao kuvifahamu.

Kutoka kadi ya salamu hadi simu ya mkononi

Urafiki wa watu wasioonana haukuzaliwa na simu. Wanafunzi wa zamani walikuwa na marafiki wa kalamu, ambao barua zao zilipitia sanduku la posta la shule. Aidha, wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya wenzao, na kusubiri mtangazaji azisome. Wapo waliofahamiana kwa majina tu, mmoja Kyela na mwingine Tanga, hata wakajuliana hali kama ndugu.

Tofauti kubwa ilikuwa muda. Barua ilichukua siku, pengine majuma. Simu za mkononi zilianza kutumika nchini mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata zikaenea hadi vijijini. Hapo ndipo jibu lilipoanza kurudi kabla mtumaji hajaondoka alipokaa.

Herufi 160 za ujumbe mfupi

Ujumbe mfupi wa maneno wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Neil Papworth aliutuma kutoka kwenye kompyuta, ukiwa ni salamu za Krismasi. Kwa nini ujumbe wa namna hiyo hauzidi herufi 160? Nafasi iliyotengwa ilikuwa baiti 140, na kila baiti ina biti 8, kwa hiyo jumla ni biti 1,120. Kila herufi hutumia biti 7. Mwanafunzi akigawanya 1,120 kwa 7 atapata 160 kamili, na nafasi kati ya maneno nayo huhesabiwa kuwa herufi.

Ujumbe huo husafiri hivi. Simu huugeuza kuwa mawimbi ya redio, na mnara ulio karibu huyapokea. Kutoka mnarani, ujumbe hupelekwa hadi kituo cha kampuni ya simu, ambacho huuhifadhi kwanza, kisha huutafutia njia ya kumfikia mpokeaji. Iwapo simu ya mpokeaji imezimwa au ipo mahali pasipo na mawimbi, ujumbe hungoja kwa muda uliowekwa. Kwa hiyo kituo hicho ni mfano wa karani wa posta asiyelala.

Milima, mvua na mviringo wa dunia

Mwambao wa kaskazini ni mahali pagumu kwa mawimbi ya redio, na sababu zake ni tatu.

Kwanza ni milima. Upande wa mashariki, kuanzia Matema, Milima ya Livingstone huinuka ghafla kutoka ukingoni mwa ziwa. Mawimbi ya simu huenda karibu kwa mstari ulionyoka, na mlima huyazuia kama unavyozuia mwanga wa jua. Kijiji kilicho nyuma ya rasi huwa kivulini ingawa mnara hauko mbali.

Pili ni mvua. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na sehemu nyingi za wilaya hiyo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mawimbi yaendayo simuni kwa masafa ya megahezi 900 yana urefu wa sentimeta 33 hivi, nayo hayasumbuliwi sana na matone. Lakini mahali ambapo mnara huzungumza na mnara mwenzake kwa mawimbi mafupi ya sentimeta 3 au pungufu, mvua kubwa huyanyonya na kuyatawanya. Ndiyo maana simu yaweza kuonyesha kwamba mnara upo, na huku mazungumzo yanakatika.

Tatu ni umbo la dunia. Juu ya maji hakuna mlima, lakini uso wa ziwa wenyewe umepinda. Umbali wa upeo wa macho kwa kilomita ni 3.57 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Mnara wa mita 49 kutoka usawa wa maji huona hadi kilomita 25. Simu iliyoshikwa mita 1 juu ya maji ndani ya mtumbwi huona kilomita 3.57. Tukijumlisha tunapata takriban kilomita 28.5. Hewa hupinda mawimbi kidogo na kuongeza umbali huo, lakini mvuvi akivuka mpaka huo kwa mbali, maji yenyewe humficha.

Majirani wanaozungumza kwa njia ya bahari

Sasa tutazame mazungumzo yanayopita katika programu za intaneti. Wengi hudhani kwamba rafiki wa Ipinda akimwandikia mwenzake wa Matema, maneno huruka moja kwa moja kati yao. Sivyo. Programu nyingi za mazungumzo zina seva zilizo nje ya nchi. Maneno hutoka mnarani na kuingia katika nyuzi nyembamba za kioo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Yakifika Dar es Salaam, huingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010. Huenda ng'ambo, kisha hurudi kwa safari ile ile hadi kwa jirani.

Safari hiyo ndefu haionekani kwa sababu ya mwendo wa mwanga. Ndani ya kioo, mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 huchukua sehemu ya ishirini ya sekunde tu. Zamani, mazungumzo ya ng'ambo yalipopitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kupanda na kushuka kulichukua karibu robo ya sekunde.

Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zote mbili zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Huduma ya intaneti ilidhoofika sana katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Hitilafu iliyotokea maelfu ya kilomita kutoka Kyela iliweza kuwanyamazisha majirani wawili. Lakini ujumbe mfupi wa maneno kati ya watu wa ndani ya nchi hauhitaji kuvuka bahari. Aliyejua tofauti hiyo alikuwa na njia ya pili.

Rafiki aliye kusini

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini. Upepo wa kusini-mashariki, ambao Malawi huitwa mwera, hupata uwanja mrefu wa maji. Kadiri uwanja unavyorefuka, ndivyo mawimbi ya maji yanavyokua, na mwisho wa uwanja huo ni ufuko wa Kyela. Rafiki aliyeko Manda au Mbamba Bay aweza kuliona ziwa likichafuka kabla ya mvuvi wa Matema hajasukuma mtumbwi.

Tuchukue mfano wa ujumbe huu: "Ziwa limechafuka huku Manda tangu saa nne. Leo tarehe 6 Juni. Msiingie majini." Una herufi 78, yaani chini ya nusu ya nafasi iliyopo, lakini unataja mahali, saa na tarehe. Maneno ya onyo yasiyo na tarehe ni hatari, kwa maana huzunguka kutoka simu hadi simu, na ya mwaka jana husomwa kama ya leo. Watu wakishadanganyika mara mbili au tatu, hawatasadiki onyo la kweli. Tena, neno la rafiki haliondoi haja ya kufuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hivi viwili hukamilishana.

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli kwamba rafiki wa simuni hawezi kusaidia kuvuta mtumbwi ufukoni, wala kuketi matangani na wafiwa. Lakini aweza kutuambia nyoka yuko wapi, mradi njia ya maneno yake iwe wazi na maneno yenyewe yaaminike.

Kazi kwa wanafunzi

1. Pimeni kimo cha jengo au mti mrefu karibu na shule, kisha kokotoeni upeo wa macho kutoka kileleni.

2. Tungeni onyo la hali ya ziwa lisilozidi herufi 160, lenye mahali, saa na tarehe. Kokotoeni ni biti ngapi zimetumika.

3. Tembeeni na simu kuuzunguka mlima au jengo kubwa, mkiandika mahali mawimbi yanapopungua. Choreni ramani ya kivuli hicho na kuijadili darasani pamoja na mwalimu.