Fahamu: Saratani ya mapafu inapodhaniwa kuwa kifua kikuu

Kikohozi kisichokoma, kukonda, makohozi yenye damu: kwetu mtu huambiwa ana TB hata kabla ya vipimo. Saratani ya mapafu nayo huja vivyo hivyo. Mgonjwa humeza dawa za TB miezi 6 bila nafuu, na inaumiza, maana huo ndio muda wa kumwokoa. Uvimbe unakua, seli zake zinasafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, ini na mifupa.

Saratani hii haiambukizi. Sigara ndiyo chanzo kikuu, ingawa moshi wa kuni na mkaa humdhuru hata asiyevuta. Ikiwahiwa, uvimbe hukatwa. Ikisambaa, hutumika mionzi na dawa. Vipimo vya TB vikiwa safi na kikohozi kipo, omba CT scan na kinyama cha uvimbe kipimwe.