Taa za Nyuma Zina la Kusema

Ukiwa nyuma ya lori usiku, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, macho hayabanduki kwenye indiketa. Ikiwaka ya kushoto, dereva wa lori anakwambia: pita, mbele kuna nafasi. Ikiwaka ya kulia: tulia hapo hapo, kuna gari linakuja. Madereva wanazungumza kwa taa tangu zamani. Wahandisi sasa wanataka magari yenyewe yazungumze.

Taa za LED ndizo zimefungua njia. Globu ya zamani ina waya unaotoa mwanga kwa kupata moto, na moto haupoi papo hapo. LED inaweza kuwaka na kuzimika mara mamilioni kwa sekunde, jicho likaona mwanga uliotulia tu. Katika kuwaka na kuzimika huko ndimo ujumbe unamopita: mwendo wangu ni huu, nimefunga breki ghafla. Kipokezi kwenye bampa ya gari la nyuma hugeuza mwanga kuwa umeme, kompyuta ikausoma. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na Charles Sumner Tainter walisafirisha sauti ya mtu kwa mwale wa jua mjini Washington. Wazo ni lile lile.

Redio ya kuzungumza gari kwa gari si ipo? Ipo, tena inazunguka kona. Lakini katika foleni ya magari arobaini yanayotangaza kwa pamoja, gari lako likisikia “nimefunga breki”, ni nani kasema? Wa mbele yako, au wa leni ya pili? Hata ujumbe ukitaja gari liko wapi, GPS inaweza kukosea kwa mita kadhaa, nayo leni moja haizidi sana mita tatu. Mwanga unatoka kwenye taa ile pale, na kipokezi chenye lenzi kinaiona. Wengi huona kasoro kwamba mwanga haupenyi bati. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kubwa: ujumbe unaokufikia ni wa taa unayoiona. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari hula kama mita 28 kila sekunde. Hapo hakuna muda wa kuuliza nani kasema.

Hata hivyo redio tusiitupe. Jua la jioni likikipiga kipokezi usoni humeza ujumbe, ukungu huutawanya, tope kwenye taa huuziba. Na lori lenye globu za zamani halitasema neno. Nyuma yake tutaendelea kuikodolea macho indiketa.