Kitufe cha Tab na Mirathi ya Sheli

Msomaji wetu, mwanafunzi wa kompyuta, atuuliza kwa nini, akiisomesha sheli yake ya Bash skripti ya kuandaa mazingira kwa amri ya source, kitufe cha Tab humkamilishia maneno ya programu yake, lakini akiandika bash na kuingia katika sheli mpya, programu ingali yapatikana ilhali Tab haijui ila majina ya mafaili.

Sheli mpya ni mtoto wa ile ya kwanza, na mtoto hurithishwa nakala ya vigeu vilivyotolewa kwa export, kikiwamo PATH. Hali yake ni ya kijana aliyepewa nakala za hati za shamba akahamia mbali, ambaye aijua mipaka yote, na hata akifuta mpaka katika nakala yake hati ya baba haitikisiki, walakini maafikiano ya mdomo baina ya baba na majirani hayakuandikwa popote, naye hana budi kuyafunga upya. Amri ya complete ndiyo maafikiano hayo: hata fanksheni yaweza kurithiwa kwa export -f, bali kule kuifungamanisha na jina la programu hubaki katika kumbukumbu ya mzazi peke yake.

Na latifu ilioje kazi ya maafikiano hayo, yaliyoingia Bash katika toleo la 2.04, mwaka 2000! Tab ikibonyezwa, Bash hulitafuta jina la programu katika jedwali lake, ikaiita fanksheni iliyofungwa nalo, nayo hukuta mstari umekwisha kugawanywa ndani ya COMP_WORDS, na COMP_CWORD ikiitajia ni neno la ngapi linaloandikwa. Huchuja yanayofaa, aghalabu kwa compgen -W, ikayaweka katika COMPREPLY. Mathalan maneno yakiwa andika, andaa na anza, ukaandika a na kubonyeza, Bash haibahatishi: hupima herufi za mwanzo ambazo maneno yote matatu yaafikiana kwazo, ikaandika an, ikasimama papo hapo, ongeza z, ubonyeze, na anza imetimia.

Basi mstari wa complete na fanksheni yake viwekwe katika ~/.bashrc, faili linalosomwa na kila sheli ya mazungumzo kama hiyo ya msomaji wetu, au faili hilo liisome skripti yenyewe. Na mtunzi wa skripti atazame kwanza kama BASH_VERSION ina thamani, kwani dash haiijui complete, na zsh ina utaratibu wake.