Tathmini Itangulie Bikoni

Mji wa Iringa umejengwa juu ya mwinuko, na chini yake unapita Mto Ruaha Mdogo, utokao katika nchi ya juu ya Mufindi na kwenda kukutana na Ruaha Mkuu kabla maji yao hayajaingia katika bwawa la Mtera. Na kwa kuwa maji ya mabomba ya mji huu kwa sehemu kubwa huchotwa mtoni humo, pale Ndiuka, na maji yapitayo hapo ndiyo yaendayo kuchangia kuzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, mkazi wa kata ya Mlandege anauhitaji mto huo afunguapo bomba, na anauhitaji tena awashapo taa. Liko na hitaji la tatu, ambalo aghalabu husahauliwa na wenye kuchora ramani: mboga zinazouzwa sokoni wakati wa kiangazi, nchi kavu ikiwa imekauka, hutoka vinyunguni, katika mabonde yenye unyevunyevu ambayo wakulima wa mkoa huu wameyalima kwa dahari.

Ndiyo maana kila upanuzi wa huduma, uwe wa maji au wa umeme, unashuka bondeni upende usipende. Chanzo cha maji hakijengwi mlimani kwenye ukame. Na njia kuu ya umeme, ikiwa imetoka Iringa kwenda Mbeya, haina budi kuvuka mito na vinamasi vinavyoingia bonde la Usangu. Njia mpya ya kilovolti 400, inayokusudiwa kutuunganisha na Zambia kwa kupita Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ni kazi ya maslahi makubwa kwa taifa, nami siipingi hata kidogo. Lakini mkuza wa kupitishia nyaya unapokatwa, barabara ya kupitishia nguzo ikijazwa kifusi, maji yaliyokuwa yakijipenyeza polepole hugeuzwa njia, na ndege wakubwa kama korongo hujigonga kwenye nyaya wasizoziona. Madhara hayo yanazuilika, kwa sharti kwamba yametazamwa mapema.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka utaratibu huo bayana. Mradi wa namna hii shurti ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, wananchi wa mahali wasikilizwe, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lipitie taarifa, ndipo cheti kitolewe. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapa pana jambo linalonikera moyo. Mita 60 hizo zimekuwa zikitajwa kwa sauti kubwa zaidi mbele ya mwenye kinyungu cha maharage na kabichi kuliko mbele ya mwenye mradi, ambaye zege lake na mashine zake hukaa ukingoni miaka mingi. Sisemi mashine ziondolewe, kwani bila hizo hatunywi. Nasema kipimo kiwe kimoja, na mkulima anayeambiwa aondoke aoneshwe pia ni maji kiasi gani mradi utachukua mwezi wa Oktoba, mto unapokuwa mwembamba.

Anayeona maneno haya ni ya kukuza mambo na arejee habari za Usangu. Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mapema miaka ya 1990 ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu maji yaliyoingia katika kinamasi cha Ihefu yalikuwa machache mno kufurika kwenye mwamba wa Ng'iriama, ambao ndio mlango wake wa kutokea. Miaka hiyo hiyo nchi ikapata mgawo mkali wa umeme, Mtera ikiwa imepungua, na lawama zikaelekezwa kwa wakulima wa mpunga wa Mbarali na kwa wafugaji. Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye, akiwa London, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2008 sehemu ya bonde ikaunganishwa na hifadhi. Mwaka wa ahadi ulifika na mto ulikuwa bado unakauka, hata Aprili 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akaunda kikosi kazi cha kuunusuru.

Lakini watafiti walipokaa na kuhesabu maji, walibaini jambo ambalo halikuwa likisemwa. Maji mengi yajazayo Mtera huja wakati wa masika, ilhali kilimo cha kiangazi cha Usangu huondoa sehemu ndogo tu ya yale. Upungufu wa bwawa katika miaka ile ulitokana zaidi na namna maji yalivyoachiliwa kushuka Kidatu. Kukauka kwa mto hifadhini na kupungua kwa bwawa yalikuwa maradhi mawili, nayo yakatibiwa kama moja, na aliyemezeshwa dawa ni mfugaji. Insafu inataka tathmini imkague mwenye mradi na uendeshaji wake kwa jicho lile lile inalomkagulia mwanakijiji.

Fauka ya hayo, tathmini hufanywa mradi mmoja mmoja, na kila mmoja, ukitazamwa peke yake, huonekana mdogo. Bomba hili linachota kidogo, mfereji ule unachota kidogo, nguzo zile zinachukua ekari chache, na kila moja linapata kibali chake kwa haki kabisa, hata bonde likishakwisha asipatikane wa kuulizwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake hapa hapa Iringa, ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Hesabu zake za mto mzima zingestahili kuwekwa mezani katika kila tathmini, ziwe ukurasa wa kwanza.

Na zisomwe na watu. Kanuni za mwaka 2005 zinataka muhtasari wa taarifa uandikwe kwa Kiswahili pia, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Muhtasari huo ubandikwe kwenye ofisi ya kata ya Mlandege na katika kata zote za bondeni wiki kadhaa kabla ya mkutano, mkutano ufanyike kabla bikoni hazijachomekwa, na mwenyekiti wa mtaa awaite wauza mboga na wenye vinyungu pamoja na wenye nyumba zitakazolipwa fidia. Halmashauri ya Manispaa ina afisa wa mazingira na ina uwezo wa kudai hayo. Nasi wakazi tunaomba iyadai kwa mradi ujao, kabla haujaanza.